Mkia wa Fahali

Mwanamke ambaye gereji nzima ilimwita Mama Springi alikuwa na namna yake ya kupima gari. Hakuanza kwa kufungua boneti, wala hakupigapiga matairi kwa mguu kama wafanyavyo mafundi wa kuuza sura. Alivua kandambili, akaingia kiti cha nyuma, akaweka nyayo tupu kwenye sakafu ya gari, akafumba macho na kusema, "Haya, endesha." Gari likienda, yeye alilisikiliza kwa miguu. Likirudi, alishuka, akavaa kandambili zake na kutaja ugonjwa. Bushi ya kushoto imekufa. Pleti ya tatu ya springi ina ufa. Shokapu ya kulia ni ganda tu, ndani hamna kitu. Gari likipandishwa juu ya stendi, watu walikuta ni vilevile alivyosema.

Hakusoma hata siku moja. Si kwamba alitoroka shule, wala si kwamba kichwa chake kilikuwa kizito. Baba yao, fundi springi, alisema uwezo wake ni wa kusomesha mtoto mmoja tu. Mama yao alikuwa ameshafariki, na nyumbani kulikuwa na watoto wawili: yeye wa miaka kumi na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Mdogo akapelekwa shule. Na aliyempeleka ni yeye, mgongoni, kwa sababu njiani palikuwa na mtaro na viatu vya shule havikutakiwa kulowa. Akishamfikisha getini alirudi mbio kumpulizia baba moto wa kukunjia springi. Mdogo akajifunza kuandika jina lake. Dada akajifunza chuma kinageuka rangi gani kabla ya kukubali kupinda.

Sasa dada ana miaka hamsini na moja. Mdogo ana tumbo, tai tatu, na ofisi yenye kiyoyozi mbele ya gereji. Huu ni mwaka wa kumi na mbili hajalala chini ya gari. Anapenda kuitwa Mkurugenzi, na wafanyakazi wanamwita hivyo, wengine kwa adabu, wengine kwa kumcheka. Dada yuko nyuma, ovaroli limeshiba grisi. Wateja wakimwona hudhani ni mama wa usafi. Kuna mmoja aliwahi kumwagiza maji ya kunywa, na Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama hapohapo, akasema, "Mletee na glasi."

Hasira ya mwanamke huyu haikuwa ya kelele. Ilikaa mahali pamoja, imetulia, kwa miaka minane, tangu wiki ya pili baada ya kumzika baba. Wiki hiyo mdogo wake alikuja nyumbani na karatasi na kidau cha wino wa zambarau.

"Dada, watu wa umeme wanataka alama za warithi wote, wasije wakatukatia. Weka kidole hapa."

Akaweka. Tena alimshukuru kwa kuhangaika. Miezi minne baadaye alimkataza kuuza fuawe ya baba, ule mgongo wa chuma wa kufulia springi, na mdogo wake akamjibu mbele ya wafanyakazi wote: "Dada, mwenye mali hapa ni mimi. Uliniachia mwenyewe. Kidole chako kipo kwenye karatasi." Wino ulikuwa umeshatoka zamani. Hata hivyo jioni ile alikisugua kidole gumba kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Fuawe haikuuzwa, maana aliikalia, na hakuna aliyethubutu kumnyanyua.

Kilichobaki chake pale kilikuwa neno moja. Juu ya geti palikuwa na ubao wa bati alioandikisha baba zamani za nguvu zake: FUNDI SPRINGI NA WATOTO WAKE. Siku ulipotundikwa, baba alimwinua kidevu kwa kidole, akamwonyesha kwa ncha ya fimbo. "Lile neno la pili kutoka mwisho, unaliona? Pale ndipo ulipo wewe." Hakujua kulisoma, lakini alilijua kama anavyoijua sura ya mtu: miduara miwili nyuma, na nguzo katikati yake. Kila asubuhi akipita getini alilitupia jicho. Lipo. Basi, akaingia kazini.

Mwezi ule Mkurugenzi alitangaza kwamba mchoraji atakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi kupaka ubao upya.

"Jina langu," alisema, "na picha yangu nikiwa kazini. Ubao wa mzee umepitwa na wakati."

"Na mimi?" dada akauliza.

"Dada nawe! Wewe umo ndani ya jina langu."

Dada akarudi nyuma kwenye tanuri lake la springi, akaokota nyundo.

Gari la Rubani lilifika wiki hiyohiyo. Aliitwa Rubani kwa sababu alikuwa rubani kweli, mstaafu mwenye mvi na miwani ya kamba, mzee asiyependa maneno mengi. Gari lake alilinunua miaka thelathini nyuma kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, pua ndefu kama jahazi lisilo na abiria, na injini ya silinda nane iliyotetemesha madirisha ya ofisi. Mwenyewe alimwita Fahali. Jumapili ya mwisho wa mwezi wenye magari ya kale wangekutana kwenye uwanja wa ndege uliofungwa, nje ya mji, nyuma ya barabara ya mlimani. Rubani alitaka kwenda na mkewe, lakini mke alikuwa amekula kiapo hapandi tena.

"Nikikanyaga mafuta, nyuma inarukaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto," alieleza. "Na kwenye kona mkia unataka kunipita."

Mkurugenzi akakunja uso wa kitaalamu. "Hiyo itakuwa kompyuta, mzee."

"Halina kompyuta. Lina umri wa miaka hamsini na tano."

"Ndiyo sababu yenyewe, mzee. Halina."

Kutoka nyuma ya tanuri mtu alicheka. Mama Springi akatoka anapangusa mikono kwa kitambaa. "Mzee, naomba nikae kiti cha nyuma. Endesha kama unavyoendesha siku zote, usinionee haya."

Walikwenda hadi mzunguko wa barabara kuu wakarudi. Aliposhuka hakumtazama mdogo wake.

"Nani alikupandishia mkia?"

"Fundi mmoja. Alisema magari haya husimama hivi, makalio juu, kama nge."

"Nge aliumbwa hivyo, mzee. Gari halikuumbwa hivyo. Ameweka vishikio virefu vya kuning'inizia springi, springi zimesimama vibaya, na bushi, ile mipira ya maungio, zimekuwa uji. Injini yako ina nguvu, ikivuta, ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, inataka kujipindua kinyumenyume. Springi inajikunja, inachoka, inajiachia. Inajikunja tena, inajiachia. Huko ndiko kurukaruka. Na kwenye kona hakuna kinachoizuia ekseli kwenda kushoto na kulia, inacheza ngoma yake. Nipe wiki tatu."

Rubani alimgeukia. "Ni wewe utakayefanya?"

"Tutafanya sisi," Mkurugenzi akadakia. "Hapa kila kitu kinapita mikononi mwangu."

Wiki tatu hizo hakikupita mikononi mwake hata kishikio kimoja. Dada alivitoa vile virefu akarudisha vifupi. Alizifungua springi pleti kwa pleti, akazichoma, akazifua juu ya fuawe ya baba kwa nyundo ya baba mpaka kushoto na kulia zikawa na tumbo sawa. Alizipima kwa uzi, kwa kuwa namba za kwenye futi hazikuwa na urafiki naye. Alitengeneza mikono miwili ya chuma kutoka kwenye ekseli kwenda mbele kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari, ili ekseli ikitaka kujipindua ikute imeshikwa. Kisha fimbo moja ndefu ya kukingama, huku imefungwa kwenye chesisi na kule kwenye ekseli, ili mkia usiende kando. Kila mahali pa kucheza aliweka bushi mpya ya mpira. Shokapu mpya mbili. Mgongo ulimuuma hadi akawa anashuka kitandani kwa kubingiria. Usiku mumewe angekuwa hai angemkanda, lakini mumewe naye alishakwenda, kwa hiyo alijikanda mwenyewe kwa chupa ya maji moto na kumlaani mdogo wake kimoyomoyo hadi usingizi umchukue.

Ikabaki hatua moja, na hatua hiyo ilikuwa sheria ya baba isiyovunjwa. Bolti za bushi za mpira hazikazwi gari likiwa linaning'inia juu ya stendi. Unazitia kwa vidole tu, unalishusha gari, unalitikisa likae kwa uzito wake, ndipo unaingia chini na kukaza. Baba alikuwa akiwaambia hivi: "Mkanda wa suruali huufungi umelala, unaufunga umesimama na tumbo lako." Ukikaza gari likiwa juu, mpira unashika mkao wa juu. Ukilishusha, mpira unasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Siku ya kwanza unavumilia, na gari linasimama juu kwa majivuno, mjinga akiliona analisifu. Siku ya tatu mpira unachanika, na mkia unakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya mkutano wa magari, bolti zote zilikuwa mahali pake zimetiwa kwa vidole. Fahali alikuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yananing'inia. Mama Springi alikumbuka mpira mmoja wa kushikilia ekzosi haukuwa mzuri, akaenda dukani kufuata mwingine.

"Asiguse mtu," alimwambia fundi rangi, kijana mwenye mdomo mrefu ambaye hakuna siri iliyodumu kwake.

Alikaa huko chini ya saa moja. Aliporudi, Fahali alikuwa chini, ameoshwa, anang'aa. Mpiga picha alikuwa anafunga begi lake. Mkurugenzi alikuwa anajipangusa jasho, amekunja mikono ya shati, tai imetupwa begani, na spana ya dada yake iko mkononi.

"Amefanya nini?" Mama Springi alimuuliza fundi rangi.

"Alitaka picha ya ubao, mama. Akiwa kazini. Mpiga picha akamwambia usijifanye, kaza kweli ili mishipa ya mkono ionekane. Mkurugenzi akakaza kweli. Moja, akanogewa, akakaza zote. Rubani alikuwa amesimama pale anaangalia. Mimi nilimwambia mama amesema asiguse mtu. Akaniambia, 'Mama ni nani, na mimi ni nani?'"

"Likiwa juu?"

Fundi rangi akaangalia chini. "Likiwa juu, mama. Miguu inaning'inia."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliutazama mkia, ukamjibu wenyewe: ulikuwa umesimama vidole viwili juu ya pale alipoupima. Wiki tatu za mgongo wake zilikuwa zimesokotwa kwenye vile vipande vya mpira. 

"Mdogo wangu," alisema, akijizuia kwa sababu Rubani yupo, "hizo bolti zilegezwe."

Mkurugenzi alitabasamu kwa mgeni na kukunja uso kwa dada, vyote kwa wakati mmoja, ufundi ambao kwa kweli alikuwa nao. "Dada, gari limekwisha. Tazama lilivyokaa. Limejaa kifua!"

"Limejaa kifua kwa sababu limebana pumzi."

"Usiniaibishe mbele ya mteja," alinong'ona. "Kaoshe mikono. Likitokea la kutokea, kazi ni yako wewe, kila mtu anajua."

Hapo ndipo alipoelewa mtego wenyewe ulivyo. Likienda vizuri, picha itakuwa ubaoni na sifa ni za mwenye tai. Likichanika mlimani, Rubani na mkewe wakaingia mtaroni, basi kazi ni ya mama asiyesoma. Kichwani kikamjia kitu kibaya, na hakukifukuza mara moja: nyamaza. Liache liende. Bushi zichanike mbele ya wenye magari wote, aumbuke na tai zake tatu. Utamu wa wazo hilo aliuonja kwa muda wa pumzi mbili. Halafu akamkumbuka mke wa Rubani, mwanamke ambaye hajawahi kumwona, aliyekula kiapo kisha akakubali kukivunja kwa kuambiwa kwamba fundi ni hodari. Akazidi kukasirika, sasa kwa sababu hata kulipiza kisasi alikuwa amenyimwa.

"Hebu tulijaribu kwanza," Rubani alisema, akifungua mlango. "Nataka kulisikia."

Mkurugenzi akakaa mbele. Kabla hajafunga mlango, dada yake alikuwa ameshakisukuma kiti mbele, yeye angali juu yake, na kujipenyeza nyuma, na ovaroli lake, na grisi yake.

"Dada! Unachafua kiti cha mzee!"

"Kitaoshwa." Akavua kandambili na kumrushia mapajani. "Nishikie."

Rubani alimtazama kwenye kioo, akawasha injini.

Barabara ya mlimani ilianza nyuma ya maghala. Mkurugenzi aliongea tangu wanatoka getini: jinsi alivyokesha akifikiri, jinsi vyuma vya nyuma alivyovibuni mwenyewe. Kandambili za dada yake zilikuwa mapajani mwake na alikuwa anasahau kuziweka chini.

Nyuma, macho yamefumbwa, Mama Springi alikuwa anasikia kila kitu. Kazi yake ilikuwa pale, nzuri, mikono miwili imeshika, fimbo imeshika. Lakini juu ya kazi hiyo palikuwa na kitu kilichokakamaa, kama mtu aliyelala na mkono chini ya mbavu.

"Mzee," alisema bila kufumbua macho, "mbele kuna tuta?"

"Lipo."

"Ukilivuka, kushoto kutalia. Kama mlango mkavu."

"Dada, acha uchawi," Mkurugenzi akacheka.

Gari likavuka tuta. *Kwiii*, ikalia kushoto, nyuma, chini ya kisigino chake.

"Kwenye kona hii ya kulia, nyuma itachelewa kukaa. Halafu itakaa kwa kishindo, dumm. Mara moja tu."

Kona ikaja. Nyuma ikachelewa. Dumm.

Mkurugenzi hakucheka tena. Rubani akapunguza mwendo. "Na kesho?"

"Kesho utafika. Kurudi ndiko sijui. Mpira ukishachanika, kile kilichokuwa kinarukaruka kama mbuzi kitarukaruka kama mbuzi wawili. Mzee, pale mbele pana mtaro mkavu mwembamba. Lipitishe juu yake, magurudumu ya kushoto huku na ya kulia kule, mahali tambarare. Nitaingia chini likiwa limesimama kwa miguu yake."

"Mzee, huyu dada yangu hakusoma," Mkurugenzi akaanza. "Mambo haya yana vipimo..."

"Mimi nimeendesha ndege miaka thelathini na moja," Rubani akamkatiza. "Fundi akiniambia kitakacholia kabla hakijalia, huwa nazima injini."

Akaizima.

Mama Springi aliingia mtaroni kifudifudi na kugeuka chali, pekupeku, na spana mbili alizokuwa nazo mfukoni, maana hakutoka hata siku moja bila hizo. Udongo ulikuwa wa moto. Juu ya uso wake palikuwa na wiki tatu zake. Alilegeza bolti ya mbele ya kushoto. Gari likaguna. Akalegeza ya kishikio. Likashuka kidogo, likatoa pumzi ndefu. Alipomaliza za kulia, mikono na ile fimbo, Fahali alikuwa amekaa chini vidole viwili, taratibu, kama mtu aliyefunguliwa kamba, na Rubani aliyekuwa amesimama kando alisema, "Lahaula!" kwa sauti ndogo.

"Litikiseni!"

Rubani akaegemea bawa la nyuma, lile bati la juu ya gurudumu, akalitikisa gari. Mkurugenzi alibaki barabarani na tai yake, ameshika kandambili kwa mikono miwili kama mtu aliyeletwa kwa makosa kwenye harusi isiyo yake. Kisha dada akakaza, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zote za miaka minane.

Alipotoka chini, Rubani aliuliza swali lililotakiwa kuulizwa tangu mwanzo. "Nani alizikaza likiwa juu?"

Mdogo wake akamwangalia. Ni yale macho ya getini shule, ya mtoto wa miaka sita aliyepoteza kalamu. Miaka yote aliyaonea huruma. Alimchukulia makosa kwa baba, akachapwa yeye. Alimchukulia makosa kwa wateja, akatukanwa yeye. Alisubiri huruma ije. Haikuja. Palikuwa na joto tu.

"Mzee, si ulikuwepo?" alisema. "Na picha ipo."

Rubani akafikiri, akakumbuka alichokiona asubuhi bila kukielewa, akaitikia kwa kichwa. Halafu akafungua mlango wa mbele. "Mama, kaa hapa."

"Sikai mbele. Mbele sisikii." Akarudi kiti chake. "Huyu ndiye akae nyuma na mimi, avue viatu, ajifunze."

Mkurugenzi hakuvua viatu. Alisema anapenda kutembea. Walimwacha akishuka mlima kwa miguu, saa saba ya mchana, na kandambili za dada yake mkononi. Kwenye kona ileile Rubani alikanyaga mafuta, na Fahali akaondoka amenyooka, mkia umetulia nyuma yake kama unaovutwa kwa uzi. Mama Springi alicheka kwa sauti. Kisha akanyamaza, kwa sababu akakumbuka ubao.

Jumatatu mchoraji alikuja na ngazi, makopo yake, na picha kubwa iliyosafishwa. Aliitandika mezani wafanyakazi waione. Picha ilikuwa kali kweli: tai begani, mishipa ya mkono imetoka, spana inang'aa, na nyuma ya kichwa cha Mkurugenzi gurudumu zima la Fahali linaning'inia hewani.

Fundi rangi aliitazama, akatoka nje mbio. Walimsikia akicheka nyuma ya matanki.

Mkurugenzi alikuja na viatu vilivyopasuka pembeni. Hakuwa ameiona picha. Mchoraji akamuuliza, "Bosi, niichore hivihivi?"

Dada yake ndiye aliyejibu. Alikuwa ameegemea geti, miguu bado haina kitu. "Ichore hivihivi. Usiache kitu. Hasa gurudumu. Lichore likubwa, lining'inie vizuri. Kila fundi atakayepita barabara hii amwone Mkurugenzi anavyokaza bushi za mpira."

Fundi umeme alijitia anatafuta kitu sakafuni.

"Dada," Mkurugenzi alisema polepole, "tuongee ofisini."

"Ofisini kuna karatasi na wino. Siingii. Ongea hapa."

"Unataka nini?"

"Ile karatasi. Utanisomea hapa, neno kwa neno, mbele yao. Siku ile ulinisomea umeme."

Mkurugenzi alitazama wafanyakazi mmoja mmoja, na hakuna aliyemsaidia kwa macho.

"Huwezi," dada akasema. "Miaka yote nimekubeba usome, na leo huwezi kusoma karatasi moja. Basi ikae kwanza. Siku yake itafika, na atakayenisomea nitamtafuta mwenyewe. Leo nataka neno langu. La pili kutoka mwisho. Likifutwa, picha inapanda. Likibaki, picha ichome moto."

Mchoraji alisimama kati yao na brashi mkononi, hajui amtazame nani. Pikipiki ikapita. Mkurugenzi akaigeuza picha kifudifudi.

"Rudishia yaleyale," alimwambia mchoraji, bila kumwangalia mtu. "Kama alivyoandika mzee." Akaingia ofisini, akafunga mlango, kiyoyozi kikaanza kunguruma.

Mama Springi alikaa juu ya fuawe, mikono kifuani, akimsimamia mchoraji hadi mwisho, kama anavyosimamiwa mtu asiyeaminika. Hakufurahi. Gereji bado haikuwa yake, karatasi bado ilikuwa kwenye droo, mgongo bado ulimuuma. Lakini alipanda ngazi mwenyewe kuhakiki. Miduara miwili nyuma, nguzo katikati. Lipo. Rangi ilikuwa mbichi bado. Akainua kidole gumba, akakikandamiza kando ya neno, akakishikilia hapo, halafu akakiondoa.

"Mama! Umeniharibia rangi!" mchoraji akalalamika kutoka chini.

"Acha hivyohivyo," alisema, akishuka. "Safari hii najua nimeweka kidole kwenye nini."

Akajipangusa kwenye ovaroli na kupaza sauti isikike ofisini: "Na kandambili zangu ziletwe!"